Pole Pole Ndio Mwendo: Tumeisoma Vibaya

Methali isemayo "pole pole ndio mwendo" hufundishwa kana kwamba neno zito ndani yake ni "pole pole". Nami niliifundisha hivyo kwa miaka mingi, na sasa nakiri kwamba nilikosea. Neno linaloibeba methali hiyo ni "mwendo". Nililielewa nikiwa na miaka 63, nimekwisha kustaafu, katika barabara ipandayo kuelekea milima ya Matogoro, hapa Songea.

Asubuhi hiyo niliandamana na vijana wa mtaani kwetu. Walikuwa na saa za mkononi na neno lao moja, "pesi". Waliponiuliza, "Mwalimu, pesi yako ngapi?" niliwajibu kwa miguu. Kwenye tambarare nikawatangulia wote. Mlima ulipoanza, nikakaa kando ya barabara, mkono kifuani, moyo ukinidunda hata masikioni. Mmoja wao, niliyepata kumfundisha, alibaki nami akinishikia chupa ya maji, asiseme neno.

Sina ugomvi na maneno ya mkopo. "Shule" yenyewe tuliikopa kwa Wajerumani, nami nimekula mkate wake maisha yangu yote. Ila "pesi" imetujia na maana moja tu: dakika kwa kilomita. Hiyo ni kasi, nayo huhesabiwa na saa. Mwendo ni mapatano ya hatua na pumzi ya mtu fulani, siku fulani, mahali fulani. Ndiyo maana twasema mwendo wa mto na mwendo wa shairi, na kutoka shina lile lile tukapata "mwenendo".

Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakwenda pole pole hata chembe. Aliongoza tangu mwanzo, na John Walker wa New Zealand hakumpata hadi mwisho. Ule ulikuwa mwendo wa Bayi. Kwangu mimi ungekuwa mazishi kabla ya mzunguko mmoja kwisha.

Ajabu ni kwamba sisi tuliosoma Tanzania tulikuwa na kipimo cha mwendo tangu utotoni, tukakidharau. Ni mchakamchaka. Kiongozi huanzisha wimbo, kundi huitikia, na miguu hufuata kiitikio. Anayeshindwa kuitikia amezidisha mbio, au kundi limemzidi; mwenye masikio humsikia mara moja. Wimbo huwafikisha pamoja mwenye nguvu na mnyonge. Nilipokuwa mwalimu wa zamu niliwahi kuwakimbiza wachelewaji kimya kimya, bila wimbo, kama adhabu. Sasa naijua ilikuwa adhabu ya namna gani.

Kwa kuwa sasa hukimbia peke yangu, nimebadili wimbo kwa mshororo. Nimejitungia mmoja wa mizani 16, usio na makuu:

Mlima una subira, napanda kwa taratibu

Nikiweza kuutamka wote, ukwapi na utao, kwa pumzi moja, najua mwendo huo nitaudumu hata saa nzima. Pumzi ikiishia ukwapi, kwenye mizani ya nane, nimeongeza kasi. Yafaa kwa muda mfupi, tena kwa kukusudia. Ikikatika katikati ya neno, yaani nikisema "ta-" na "-ratibu" isitoke, napunguza hapo hapo, hata kama mbele yangu yuko kijana ninayetamani kumpita. Hasa kama yuko.

Washairi wenzangu watasema mizani ni ya sikio, si ya mapafu. Nawaomba wajaribu. Nimegundua mishororo kadhaa ya zamani yangu ambayo mezani ilitimia hesabu, lakini barabarani haitamkiki: vipande vyake vimesongwa na konsonanti, wala havina mahali pa kuvutia hewa. Nimeanza kuiandika upya, mmoja baada ya mwingine.

Vijana wale bado hunipita kila Jumamosi. Yule wa chupa ya maji hupunguza hatua akinifikia, akaniamkia, kisha akauliza, "Mizani ngapi leo, mwalimu?" Mara nyingi namjibu kumi na sita. Kwenye kona ya juu kabisa, palipo na mawe, hata nane hazitoki. Hapo natembea.