Ukuta wa Mathari Hautulindi Sisi wa Riruta

Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, baada ya kuungana na kuwazidi nguvu walinzi. Mkasa kama huo ukitokea, neno la kwanza midomoni mwetu ni ukuta. Uinuliwe! Askari waongezwe!

Sikatai ukuta. Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 zama za mkoloni, ina kitengo cha ulinzi mkali kwa wale wanaoletwa na mahakama. Wapo wanaopimwa kama akili zao zinaweza kustahimili kesi, na wapo waliopatikana wametenda kosa hali akili haimo. Hao wa pili, kwa miaka mingi, sheria iliwafungia kwa muda apendao Rais, yaani bila tarehe ya kutoka. Mlango mbovu pale humhatarisha muuguzi wa zamu kabla ya kumhatarisha tajiri wa Muthaiga, mtaa jirani na hospitali.

Lakini tujiulize, ndugu zangu wa Riruta: watu hao hutoka wapi? Hutoka katika ploti kama zetu. Kijana anaacha kulala, anasema peke yake, anamtuhumu mamake kwamba ametia sumu kwenye chakula. Sisi tunasema amerogwa. Anapelekwa kuombewa, halafu anafungiwa chumba cha mabati mpaka siku atakapovunja mlango na kumjeruhi mtu. Hapo ndipo tunapokumbuka serikali, ikiwa umati haujatangulia na mawe. Na tuseme kweli: wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru yeyote, wao ndio wanaopigwa.

Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilimpa chifu, naibu wake na mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumpeleka hospitali mgonjwa anayehatarisha watu au nafsi yake, hata kama hajavunja sheria yoyote. Nani kati yetu amewahi kugonga mlango wa chifu kwa ajili hiyo? Tunamjua kwa barua ya kitambulisho na kibali cha mazishi tu.

Kisha kuna aibu kubwa zaidi. Mgonjwa anapona, daktari anamruhusu kwenda nyumbani, na nyumbani hakuna mtu. Jamaa wamehama, simu haipokelewi. Anabaki wodini, mzima, akilalia kitanda ambacho angekilalia yule aliyechachamaa jana usiku. Wodi ikifurika, muuguzi hawezi kumwona kila mtu, na wodi isiyoonwa hailindwi na seng'enge ya urefu wowote. Kwa hiyo jamaa anayemkana mgonjwa wake, akidhani anajilinda, analegeza komeo la lango lile lile analotaka liimarishwe.

Naye anayepokelewa nyumbani mara nyingi huacha dawa. Akijihisi mzima huona hana haja nazo, au huona haya kuonekana akimeza, au hukosa nauli. Kutoka huku kwetu mpaka Mathari, Barabara ya Thika, ni kuvuka jiji zima, na mtu wa kibarua akienda huko amepoteza siku ya mshahara. Kuna sindano ya dawa hizo ambayo wengi huchomwa mara moja kwa mwezi. Haihitaji ukuta, yahitaji muuguzi aliyefunzwa, na maneno makali ya majirani yazimwe. Jopo la Dkt. Frank Njenga lilitaka mwaka 2020 afya ya akili itangazwe dharura ya taifa, na marekebisho ya sheria ya 2022 yakazitwika kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na watu. Karibu ni hapa Riruta, wala si Muthaiga.

Basi, katika baraza lijalo, mwakilishi wetu wa wadi akimaliza habari za taa na mitaro, mmoja wetu asimame amuulize: sindano hiyo inapatikana kituo gani hapa kwetu, siku gani, na usiku wa manane mgonjwa akizidiwa ni gari la nani litakalompeleka?