Si Unene wa Risasi

Anayetaka kuanza kulenga shabaha za mbali huambiwa mengi kuhusu kaliba, na sehemu kubwa haisimami. Ushahidi wa kuyapinga baadhi uko Unguja, hapa Mafia na ng'ambo yake, kwenye delta ya Rufiji. Ni wa mizinga, si wa bunduki, lakini hewa ni ileile na upepo ni uleule.

"Kaliba kubwa ndiyo inayofika mbali." Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Pegasus ilikuwa na mizinga ya inchi 4, yaani milimita 102 hivi. Königsberg, milimita 105. Kwa kaliba walikuwa karibu sawa, lakini makombora ya Pegasus yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui, na meli ikazama. Kaliba ni upana wa tundu tu. Umbali unatokana na mzinga mzima ulivyoundwa. Kwenye bunduki ni hivyo hivyo. Risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007, ni nyembamba kuliko ya .308, ila ni ndefu na imechongoka, hivyo haipotezi kasi upesi. Kwenye yadi 1,000 upepo huisukuma pungufu kwa takriban robo.

"Basi aanze na magnum, asihangaike na upepo." Hili ndilo baya kuliko yote. Bunduki kama .300 Winchester Magnum hulipiga bega kwa nguvu. Baada ya risasi chache mwanafunzi anafumba macho na kuinyakua triga kabla ya wakati, na darubini inaruka asione risasi yake imetua wapi. Asipoiona, atajisahihishaje?

Waingereza walilijua hilo kwa gharama. Waliiteka Mafia Januari 1915, na kisiwa kikawa kituo cha ndege zao dhidi ya Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye mikoko. Tarehe 6 Julai, meli zao za kivita Severn na Mersey ziliingia mtoni zikiwa na mizinga ya inchi 6, minene kuliko yote ya Mjerumani. Zilifyatua makombora zaidi ya 600, na Königsberg ikabaki ikielea. Zilipiga kwa pamoja, hivyo waangalizi angani hawakujua kombora lipi ni la nani. Tarehe 11 zilirudi na mizinga ileile, safari hii zikipiga kwa zamu. Rubani Cull alirusha ndege, mwangalizi wake Arnold akatuma kwa redio kila kombora lilikoangukia. Hata ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka mtoni, Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Siku hiyo Königsberg ikaisha. Kaliba haikuwa imebadilika hata kidogo.

"Point tuu-tuu ni ya watoto." Kwenye mita 200, upepo huisukuma risasi ya .22 karibu sawa na unavyoisukuma .308 iliyopita mita 400. Kwa hiyo kusi la Mafia linaweza kumfundisha mtu kusoma upepo kwa risasi za bei nafuu, bega likiwa salama na jicho likiwa kwenye shabaha. Akishaiva, .223 au .308 zinamtosha: katika mashindano ya F-TR, ambayo hufika yadi 1,000, ni hizo mbili tu zinazoruhusiwa.

"Nunua anachotumia bingwa." Bingwa hubadilisha mtutu ukichakaa, na kaliba nyembamba za kasi huuchakaza mapema; .308 huvumilia zaidi. Tena bingwa wa Marekani haombi kibali chini ya Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Wewe utaomba. Kabla ya kuomba, uliza kwanza duka lenye leseni huwa na risasi gani mwaka mzima, na ni uwanja gani halali utakaokupokea.