KONA YA MWALIMU: Kidole chenye jicho ndani

Mwezi uliopita mtoto mmoja wa darasa la sita aliniuliza: "Mwalimu, roboti ni chuma. Sasa inajuaje kushika yai bila kulivunja?" Nikaahidi kumjibu hapa.

Tulipovuka Busia Januari 2008 nilikuwa mdogo, nimeng'ang'ania leso ya mama. Baadaye, tukiwa Mulanda kule Tororo, mama alipata kibarua cha kuchambua nyanya sokoni. Alikuwa anachambua huku anapiga stori, hata haangalii. Kidole kinabonyeza kidogo tu, kinajua: hii mbichi, hii imeiva, hii imeoza.

Lakini si kila mkono unajua hivyo. Palepale tulikuwa na jirani, mzee aliyewahi kutibiwa ukoma hospitali ya Alupe, upande wa Busia ya Kenya. Alipona, lakini vidole vilikuwa vimekufa hisia. Akishika kikombe, alikuwa anakikazia macho. Ukimwita akageuka, kikombe kinaanguka. Alituambia, "Wanangu, mimi nashika kwa macho."

Roboti nyingi ni kama mzee yule. Zina kamera inayotazama kwa mbali, ila vidole vikishafunga juu ya kitu, vyenyewe vinaziba kamera isione.

Mwaka 2009, watafiti Edward Adelson na Micah Kimo Johnson wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kifaa kinachojulikana kama GelSight. Ni kipande cha mpira laini unaopitisha mwanga, kilichopakwa rangi upande wa nje. Ndani kuna taa ndogo na kamera inayotazama ule mpira kwa nyuma. Ukigusa kitu, mpira unabonyea, mwanga unabadilika, kamera inaona umbo lake. Kifaa kama hicho kikiwekwa kwenye kidole cha roboti, jicho linakuwa limehamia ndani ya kidole.

Vingine vimechorwa nukta nyingi juu ya mpira. Nukta zikianza kusogea kando, kompyuta inajua kitu kinateleza, inaamuru vidole vikaze kidogo. Kidogo tu, ndiyo yai linapona. Mwaka 2014 roboti yenye kidole cha namna hiyo iliweza kuchomeka waya wa USB uliokuwa unaning'inia. Wewe unayechomeka chaja gizani usicheke, kwa roboti hiyo ni kazi kubwa!

Jaribuni nyumbani. Jaza maji glasi safi ya kioo. Lowesha vidole kidogo, ishike, kisha chungulia kutoka juu kupitia maji. Utaona alama za vidole vyako pale ngozi inapogusa kioo. Kaza mkono, alama zinapanuka. Hapo unaona mguso kwa macho, kama ile kamera.

Sasa wazazi, hapa nawaomba msome polepole. Kifaa hiki bado hakiwezi kumrudishia mzee wetu vidole vyake. Hisia ikishakufa, mara nyingi hairudi. Lakini ukoma unatibika kabisa, na dawa zake ni za bure: miezi 6 au 12. Mgonjwa akianza dawa, haambukizi tena. Ukiona kwa mtoto au kwako baka lililopauka au jekundu lisilosikia ukiligusa, au vidole vinakufa ganzi, nenda zahanati mapema. Usilifiche kwa aibu. Na aliyepoteza hisia, aangalie mikono na miguu yake kila siku, na asishike sufuria ya moto bila kitambaa.

Mzee yule alichelewa kwa sababu watu wa kwao walimficha. Tusimfiche mtu.

Kazi ya mwezi huu: watoto, fungeni macho, mtambue vitu vitano kwa vidole tu. Kisha mniletee majibu darasani.

Ni mimi mwalimu wenu. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.