Kufunga Kundi si Kusimamia Mjadala

Katika makundi yetu ya WhatsApp hapa chuoni kuna uoga tuliouzoea mpaka tukauita busara. Mjadala ukipamba moto tu, msimamizi anafunga kundi, wasimamizi peke yao wanabaki na uwezo wa kuandika, kisha unatumwa ujumbe wa "tuheshimiane, jamani". Baada ya hapo ni matangazo ya ratiba na michango ya harusi. Tabia hii naipinga, hasa kwa sababu sisi ni wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda, na wengi wetu tutakuwa walimu.

Chukueni suala lililotugawa muhula uliopita: je, ilikuwa sawa Baraza la Mawaziri kuamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari? Mwenzetu mmoja wa Luweero aliandika kwamba kwao hiyo ni lugha ya vizuizi vya barabarani. Bibi yake akiisikia nje usiku, mpaka leo huzima taa. Mwingine akamjibu kwamba huo ni ukabila tu, akaongeza tusi juu ya kabila lake. Kundi likafungwa siku nne. Aliyetukana na aliyesimulia habari za bibi yake wakapata adhabu ile ile.

Lakini yule wa kwanza ndiye aliyeleta hoja nzito kuliko zetu sote. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na Waganda wengi walikisikia kinywani mwa askari kabla ya kukisikia kwa mwalimu. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili, kumbukumbu hiyo haikufutwa kwa kura za wabunge. Kama sisi tunaokisomea hatuwezi kuijibu hoja hii kundini, tutaijibuje kwenye kikao cha wazazi?

Najua nitaambiwa nikumbuke Rwanda, 1994, na redio ya RTLM. Nakumbuka. Redio ile haikuwa mjadala ulioshindwa kusimamiwa. Ilichochea mauaji kwa makusudi. Anayeita watu mende hastahili dakika hata moja. Ila kumtumia huyo kama kisingizio cha kumnyamazisha kila aliyekasirika ni uvivu.

Na kazi yenyewe si ngeni kwetu. Nani hapa hakupitia midahalo ya shule ya sekondari? Msemaji akiacha hoja na kumrukia mtu, mwenyekiti humwambia afute kauli. Akikataa, anakaa chini yeye, na ukumbi unaendelea. Sikuwahi kuona mwenyekiti akifukuza ukumbi mzima na kufunga mlango kwa kufuli. Msimamizi wa kundi anaweza kuufuta ujumbe mmoja wenye tusi, akamwondoa mkaidi mmoja, akasema wazi kwa nini, halafu akauliza: nani anaijibu hoja ya Luweero? Inachosha, ni kweli, na usiku wa manane nani anataka kazi hiyo. Basi asiyeitaka aiachie.

Kundi lilipofunguliwa, jambo la kwanza kuandikwa lilikuwa tangazo la kitambulisho kilichopotea. Yule mwenzetu hajaandika humo tena. Hata tarehe ya mtihani aliniuliza faragha.