Namba 30 ni Baringo au Nairobi?

Leo nina lalamiko dogo kwa waandishi wenzangu wa programu.

Nilikabidhiwa mfumo wa kampuni moja ya usambazaji. Ripoti mbili, wateja walewale, majibu tofauti! Moja ilisema mteja wa kaunti 30 yuko Baringo, nyingine ikasema yuko Nairobi. Wateja wa Kabarnet walikuwa wakingoja mbolea huku ofisini wakihesabiwa kama watu wa Nairobi.

Kumbe kila ripoti ilikuwa na CASE yake ndefu ya mistari 47. Mmoja alifuata mpangilio wa Katiba ya 2010, ambapo 1 ni Mombasa, 30 ni Baringo na 47 ni Nairobi. Mwenzake alinakili orodha ya ISO 3166-2, iliyopangwa kwa alfabeti: huko 01 ni Baringo na 30 ni Nairobi. Wote walikuwa sahihi, na ndiyo maana kosa halikuonekana.

Maoni yangu ni haya: maana ya msimbo ni data, si programu. Iweke kwenye jedwali moja, kila aina ya msimbo na safu yake. Kisha tengeneza viu, yaani swali la SQL lililohifadhiwa kwa jina, na ripoti zote zisome hapo:

CREATE VIEW wateja_kaunti AS
SELECT w.id, w.jina, k.jina AS kaunti
FROM wateja w
LEFT JOIN kaunti k
ON k.msimbo_katiba = w.msimbo_kaunti;

Nimetumia LEFT JOIN makusudi. Ukitumia JOIN ya kawaida, mteja mwenye msimbo usiojulikana anatoweka kwenye ripoti kimyakimya. Hapa anabaki, kaunti ikiwa tupu, nawe utauliza kulikoni. Ongeza na foreign key ili msimbo wa ajabu usiingie kabisa.

Wapo watakaosema JOIN inachelewesha. Kwa jedwali la mistari 47? Hapana jamani. Nakubali CASE inafaa kwa ndiyo na hapana. Lakini orodha ikishaanza kunakiliwa mara ya pili, simama.

Nenda kazini kesho utafute CASE ndefu kuliko zote, halafu uilinganishe na ya jirani yako. Unaweza kushangaa.