Ladha Tuliyouziwa



Juma lililopita, baada ya ibada ya Dominika, tuliketi kivulini hapa Matemwe pamoja na vijana wa bara wanaofanya kazi katika hoteli za ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, na akina mama wa kijiji walikuwa wakirudi kutoka kwenye mwani wakiwa wamelowa hadi kiunoni. Mazungumzo yetu yalianzia kwenye mshahara, yakapitia kodi za vyumba, yakatua kwenye bia, kama yatuavyo mara nyingi. Kijana mmoja, mzaliwa wa Rombo, akatusimulia maendeleo yake kwa fahari. Alianza na mbege kwa bibi yake. Alipofika Moshi mjini akawa mtu wa Safari. Dar es Salaam ikamhamishia Kilimanjaro. Sasa anawahudumia Wazungu, naye hanywi ila bia nyepesi ya kopo, tena iwe ya baridi kali. "Baba, nimekua," akatuambia, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Neno hilo, "nimekua", halikutupa usingizi. Hatuandiki kuwakataza watu bia. Kanisa letu halijapata kuihesabu bia kuwa dhambi, na wamonaki Watrapisti wa Ubelgiji, Westmalle na Orval, wanaipika hadi leo na kuishi kwa jasho hilo. Tunaandika kupinga uongo mmoja tu: kwamba mtu anapohama kutoka kinywaji hiki kwenda kile amepanda ngazi, na kwamba amepanda kwa hiari yake. Sisi tunasema amehamishwa. Aliyemhamisha mara nyingi hakumjua hata jina.

Tazameni kwanza hiyo bia yenyewe, nyeupe ya dhahabu, yenye povu na ubaridi, ambayo sisi tukisikia neno bia hatuoni nyingine. Imezaliwa mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, Bohemia, mikononi mwa mpishi wa bia aliyeitwa Josef Groll. Miaka 4 kabla yake wenyeji wa mji huo walikuwa wamemwaga mapipa 36 ya bia yao mbele ya watu wote kwa kuwa ilikuwa haifai. Kabla ya hapo Mwingereza wa London alikunywa bia nyeusi, akaiona ndiyo bia. Huko nyuma zaidi Ulaya ilitia majani ya porini na viungo mahali pa hopsi. Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, katika karne ya 12, aliandika juu ya hopsi kwamba uchungu wake huzuia kinywaji kisiharibike. Na mwaka 1516 Mtawala wa Bavaria aliamuru kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuwaachia waoka mikate ngano. Watu wa Bavaria wakajifunza kuipenda bia ya shayiri kwa amri. Leo wajukuu wao wanaiita mila.

Kwetu huku mambo yalikuwa makali zaidi. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka eneo kubwa la Afrika ambamo pombe kali hazikutakiwa kumfikia Mwafrika. Kiwanda cha bia cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst. Mmoja wao, George, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na ndiyo sababu Tusker ikapewa jina la ndovu mwenye pembe. Hadithi hiyo husimuliwa sana mezani. Isiyosimuliwa ni kwamba bia hiyo haikupikwa kwa ajili yetu: nchini Kenya, hadi miaka ya 1940, Mwafrika alizuiliwa kisheria kununua bia ya chupa. Alichoachiwa ni kilabu cha pombe za kienyeji, nacho chini ya jicho la halmashauri. Basi sheria ile ilipoondolewa, chupa ilikuwa imekwisha kuwa zaidi ya kinywaji. Ilikuwa cheti. Aliyeishika mkononi alitangaza kwamba yeye si yule wa kilabuni tena. Tunapomwona kijana wa leo akiigeuza chupa ili nembo iwaelekee watu, tunaona mkono wa babu yake aliyenyimwa.

Wazee wetu wa bara wanaikumbuka miaka ya 1980, ambapo kreti moja ya bia kwa ajili ya harusi ilitafutwa kama dawa. Wakati ule hakuna aliyejigamba kwamba yeye ni wa aina fulani. Mtu alikuwa wa ile iliyopatikana. Mwaka 1993 Shirika la Bia likaingia ubia na Waafrika Kusini, matangazo yakafika hadi kwenye kuta za maduka ya vijijini, na ghafla kila mwanamume akawa na "bia yake". Kilimanjaro ilianza kuuzwa mwaka 1996. Mwenye kusema ameipenda tangu zamani, na atuhesabie huo uzamani.

Hebu sasa tusimulie jambo ambalo, kwa maoni yetu, lingetosha peke yake kumaliza ubishi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Afrika Kusini ilijenga kiwanda Thika, Kenya, ili iiuze Castle nyumbani kwa Tusker. Wakenya nao walikuwa wamejenga chao Moshi, ili wauze bia zao nyumbani kwa Safari. Kila upande uliita watu wake kwa uzalendo. Kunywa bia ya jirani kukawa karibu sawa na kuisaliti bendera. Watu waligombana kweli kweli kwa ajili ya hilo. Kisha mwaka 2002 wakubwa wa kampuni hizo mbili wakaketi pamoja. Kiwanda cha Thika kikafungwa, na cha Moshi kikafungwa. Wakagawiana hisa, asilimia 20 huku na asilimia 20 kule, na Shirika la Bia la Tanzania likaanza kumpikia yule yule aliyekuwa mshindani wake. Mnywaji wa Thika aliyekuwa ameapa kufa na Castle aliamka siku moja akakuta hatima ya ladha yake imeamuliwa kwa sahihi za kalamu. Hakuulizwa. Na katika muda mfupi akaipenda iliyokuwapo.

Mfano wa pili ni wa maskini zaidi. Mwaka 2004 ilitolewa Kenya bia ya pipa ya bei ndogo, Senator, na serikali ikaipunguzia ushuru ili iwatoe watu kwenye chang'aa. Ikawatoa wengi. Mwaka 2013 ushuru ukarudishwa, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa kunywa pombe haramu yenye sumu. Hatudai kwamba jambo la pili lilizaliwa na la kwanza peke yake. Tunauliza tu: ni nani angethubutu kusimama mbele ya majeneza yale na kusema kwamba marehemu walikuwa na ladha mbaya?

Nasi wa Unguja tusijione tuko kando. Bia inayonywewa hapa, karibu yote, inavuka bahari, na inavuka kwa leseni. Mwezi Januari 2024 leseni za waagizaji watatu waliozoeleka hazikuhuishwa. Katika siku chache bia ikaadimika, bei katika sehemu nyingi ikakaribia maradufu, na mwezi huo huo Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu. Vijana wetu wa Matemwe waliokuwa hawagusi ila kopo la nyepesi, siku zile walikunywa chochote kilichoshuka kutoka Dar es Salaam. Hatukumsikia hata mmoja akilalamika kwamba amepungua utu.

Watatuambia: walau bia nyepesi ni ya kiasi. Basi tufanye hesabu ya darasa la nne. Safari ina kileo cha asilimia 5.5, Kilimanjaro asilimia 4.5. Chupa ya mililita 500 ya kwanza ina mililita 27.5 za kileo, ya pili 22.5. Aliyekunywa Safari 4 amemeza mililita 110. Aliyehamia Kilimanjaro, akanywa 5 kwa kuwa "hii haina kitu", amemeza 112.5, na ameinunua chupa moja zaidi. Wauzaji wanaijua hesabu hii vizuri sana.

Lakini shabaha yetu kubwa si vijana. Ni sisi wenyewe, mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya. Tumekaa katika vikao ambamo mama mpika pombe aliondolewa katika uongozi wa jumuiya kwa sababu ya chungu chake, na mwenyekiti aliyetia sahihi uamuzi huo alikuwa na kreti mbili nyumbani kwake jioni ile ile. Sisi tulikuwapo. Tulinyamaza, kisha tukaenda kula chakula cha jioni kwake, na tukapokea chupa tuliyopewa. Gongo ni haramu kisheria, tena inapofusha na kuua. Hapo hatuna utetezi. Ila mbege si gongo, wala ulanzi wa Iringa si gongo, wala tembo la mnazi. Tumeyatia yote katika kapu moja tukaliita ulevi, na kilichofungwa kizibo tukakiita burudani. Mlevi wa kilabuni tunamtaja mimbarini. Mlevi wa baa tunamwomba mchango wa bati.

Na hebu tuitazame hiyo mbege inayoonewa haya. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichache, kisha unatiwa uji wa kimea cha ulezi. Magome ya msesewa ndiyo yanayoleta ule uchungu, kazi ile ile aliyoisifu Hildegarda katika hopsi. Ufundi huo wote umo kichwani mwa bibi asiyejua kusoma. Mbege haiwekwi wiki nzima, kwa hiyo hainywewi kwa siri wala kwa akiba: ikiiva, majirani wanaitwa. Posa hujibiwa kwayo, na aliyemkosea mzee huenda kuomba radhi nayo. Tena fedha yake ilibaki kijijini. Wako mapadre, nasi tunawajua, ambao karo zao za seminari ndogo zilitoka katika chungu cha mama. Mwanaume anapoondoka kwenye chungu hicho kwenda kwenye kreti, fedha nayo inaondoka pamoja naye, ikipita mikononi mwa mwenye baa na msambazaji kwenda kwa wenye hisa ambao tangu 2016 makao yao makuu yako Ubelgiji.

Pwani hii nayo ilikuwa na wake. Methali ya mgema, yule ambaye akisifiwa tembo hulitia maji, haikutungwa na watu wasiomjua mgema. Majirani zetu Waislamu wa Matemwe wameliacha tembo kwa imani yao, na tunawaheshimu kwa hilo. Wanaijua methali na hawakigusi kinywaji. Hao ndio wanaoweza kusema kwamba wamechagua. Wanatuvumilia sisi na makopo yetu, hata katika mwezi wa Ramadhani, wakati baadhi yetu hatuna adabu ya kuyaficha.

Tulimuuliza yule kijana wa Rombo mara ya mwisho alipomtumia bibi yake fedha ilikuwa lini. Akanyamaza. Tukamwomba atuambie makopo mangapi kwa juma, na bei ya kopo. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mkono wa pili, akaacha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo kuliko ile ya mwanzo, kwamba likizo yake ni mwezi wa Desemba, naye anatamani mbege ya bibi, ila ni lazima aifuate kule kule, kwa sababu ikiwekwa kwenye dumu na kupandishwa basi hadi Dar es Salaam, kisha boti, itafika Unguja imekwisha kuchachuka.