Wasee wa Port Reitz, Kipevu Haichomi Gesi!

Ukikaa Port Reitz, mitambo ya stima ya Kipevu ni jirani yako. Lakini cheki hii: Kipevu III, megawati 120, imekuwa ikichoma mafuta mazito tangu 2011. Si gesi. Hayo mafuta yananunuliwa kwa dola, na gharama yake inakatwa kwa tokeni yako kila ukinunua.

Wabongo nao wako na gesi yao. Ile ya Songo Songo inawasha stima Dar tangu 2004. Mei 2021, Uhuru na Mama Samia walikubaliana bomba la gesi lije kutoka Dar hadi Mombasa. Tukashangilia. Bomba bado.

Sasa tusidanganyane, gesi si miujiza. Ni safi kuliko mafuta mazito, na mtambo wake unaweza kuwashwa chap jioni, jua likizama na kila mtu akiwasha taa. Lakini mzigo mkubwa wa nchi hii unabebwa na mvuke wa Olkaria, na jirani hatatugawia gesi bure.

Kwa hivyo mwanasiasa akikutajia hilo bomba tena, usimuulize tu linafika lini. Muulize yuniti itashuka hadi ngapi.